Mama Shikilia na Pikapu Mbili

Mtungi ukikaa kwenye pembe ya nyumba, kila apitaye ana la kusema. Huyu ataisifu shingo yake, yule atausifu mdomo wake, na wa tatu, mjuaji kuliko wote, ataugonga kwa kidole na kutoa hukumu kwamba umechomwa vizuri. Wote hao wameuona kwa nje. Anayeingia ndani kila siku, akazama hadi chini, akajua maji yamebaki kiasi gani na tope limekaa upande gani, ni kata peke yake. Na kata, maskini, hakuna anayefikiria kuiuliza, kwa kuwa imezoeleka kuwa kazi yake ni kuchota tu. Wahenga waliyaona hayo, wakasema kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Hawakuwa wakizungumzia maji peke yake. Mkasa wa Fundi Vioo utatuonyesha walichokuwa wakikizungumzia, maana Fundi Vioo, mtu mwema na mume mwema, aliuliza mji mzima akamsahau mtu mmoja.

Fundi Vioo alikuwa na karakana ya chumba kimoja kando ya barabara ya vumbi, katikati ya kinyozi na duka la vifaa vya umeme. Vioo vya kila unene viliegemezwa ukutani, vimetenganishwa kwa magazeti ya zamani. Katikati palikuwa na meza ndefu iliyotandikwa zulia kuukuu, kwa sababu kioo hakilazwi juu ya mbao tupu. Fundi alikuwa na mkono mwepesi. Aliivuta almasi yake ya kukatia juu ya kioo mara moja tu, ikalia mlio mwembamba kama wa mbu, kisha akabonyeza kwa vidole viwili, na kioo kikaachana palepale alipotaka. Watu walikuwa wakisimama mlangoni kumtazama, naye alipenda kutazamwa, hilo hatulifichi.

Lakini kukata kioo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kukifikisha kikiwa kizima, na nusu hiyo ilikuwa ya mkewe. Kwa miaka kumi na mmoja walikuwa wakikodi gari la yeyote aliyekuwa na nafasi, leo la kubebea mchanga, kesho la kubebea magunia. Fundi alikaa mbele ili amwelekeze dereva. Mkewe alikaa nyuma kwenye bodi, mgongo ameuegemeza kwenye kebini, miguu ameikita mbele, na vioo vilivyofungwa mablanketi amevikumbatia kama mtoto mwenye homa. Kila walipokaribia shimo, Fundi alitoa kichwa dirishani na kupaza sauti, "Shikilia!" Watoto wa mtaa walilisikia neno hilo hata wakambatiza mama wa watu Mama Shikilia, na jina likaganda.

Yeye naye alikuwa na namna yake ya kujibu. Alibisha juu ya paa la kebini kwa kiganja cha mkono. Akibisha mara moja, punguzeni mwendo. Mara mbili, simameni. Mara tatu, basi, kimekwisha vunjika, msihangaike tena. Fundi aliichukia ile ya mara tatu kuliko alivyoichukia njaa.

Mwaka ule kazi kubwa ikawajia kwa mara ya kwanza. Upande wa juu wa mji palikuwa panajengwa zahanati ya vyumba ishirini na viwili, na madirisha yake yote yalitakiwa vioo. Msimamizi wa ujenzi, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, aliipima kazi ya Fundi kwa macho, akaridhika, kisha akaweka sharti lake.

"Nataka mtu mwenye gari lake mwenyewe," alisema. "Sitaki kusikia dereva hakuja. Kinachovunjika njiani ni chako. Na katika wiki ya kwanza vikivunjika zaidi ya vitatu, kazi nampa mwingine. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama," Fundi alijibu, ingawa gari alikuwa hana hata la kuchezea.

Wiki ileile Mama Shikilia alikwenda hospitali kutazamwa bega la kushoto lililokuwa likimsumbua. Alirudi jioni, akavua viatu, akaketi juu ya kigoda na kutamka kama anayesimulia habari za jirani. "Wameniambia bega limechakaa. Nisipolipumzisha, ipo siku mkono hautapanda tena hadi kichwani." Kisha akauliza kama watoto wamekula.

Fundi hakulala vizuri kwa siku kadhaa. Aliyafikiria yale magari yote ya kukodi, na yeye mbele ameweka kiwiko dirishani kama waziri. Aliona aibu, na aibu yake ilikuwa ya haki. Akaapa moyoni kwamba watanunua gari lao, na kwamba siku ya kwanza mkewe atapanda mbele. Akaanza kutengeneza fremu ya mbao ya kusimamishia vioo, yenye mikanda na sponji, ili isihitajike mikono ya mtu. Akanunua na mto mdogo wa kukalia, akauficha nyuma ya vioo vizito ambako mkewe hakuwa na sababu ya kufika. Alitaka jambo hili liwe zawadi, na zawadi, alivyoona yeye, haijadiliwi na mpewaji.

Akiba yao ya miaka mingi ilitosha kununua pikapu moja iliyotumika. Moja tu, wala si ya kubahatisha. Wakikosea, hakuna gari, hakuna zahanati, na bega lile linarudi nyuma ya magari ya watu.

Baada ya kuzunguka sana, zikabaki pikapu mbili. Ya kwanza ilikuwa nyeupe ya kupendeza, imesimama juu kwa mbwembwe kwenye yadi ya dalali mmoja. Ya pili ilikuwa ya kijani kilichopauka, imeegeshwa nyuma ya nyumba ya mzee mmoja aliyestaafu biashara yake. Ile nyeupe ingekomba akiba yote. Ya kijani ingebakiza kidogo, lakini breki zake zilikuwa zinalia.

Fundi akaanza kuuliza. Alimuuliza kinyozi, akaambiwa gari ni injini. Alimuuliza mwenye duka la umeme, akaambiwa gari ni vipuri. Shemeji yake, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, alimwambia gari ni heshima, na mtu anayekwenda kwenye kazi kubwa hawezi kushuka kwenye kitu chenye rangi ya ukungu wa mkate. Mwishowe akamchukua makanika wa mtaa, bingwa kwelikweli, aliyeitwa Daktari kwa kuwa alizoea kuweka bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, akasikiliza huku amefumba macho. Mama Shikilia alifuatana nao.

Daktari aliifungua pikapu nyeupe, akasikiliza, akatabasamu.

"Injini hii inaimba," alisema. Kisha akalala chini, akachungulia springi za nyuma, zile za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. "Na njoo uone huku. Mwenyewe ameongeza bapa mbili kila upande. Hili unalipakia tani nzima, linakuangalia tu linakuuliza, na kingine?"

Dalali alicheka kwa furaha. Wala hakuwa tapeli. Alikuwa na gari zuri na alijua ni zuri.

Mama Shikilia alikuwa amezunguka nyuma. Alishika mlango wa bodi, akauinua mguu kidogo. "Naweza kupanda nikakaa kidogo huku, likatembea?"

Fundi alimwendea haraka, akamshika mkono kwa upole. "Mke wangu, watu wanatutazama. Gari linakaguliwa mbele. Wewe tulia, hii niachie mimi."

"Lakini mimi nilitaka tu..."

"Niachie mimi, mama," alirudia Fundi, huku akiuwaza ule mto aliouficha. Moyo wake ulikuwa mweupe kabisa. Ni masikio yake tu ndiyo yaliyokuwa yamezibwa.

Walipofika kwa mzee, Daktari alitumia dakika kumi tu. Injini ya pikapu ya kijani ilikuwa na umri lakini nzima. Alipochungulia chini, alitoka akitikisa kichwa.

"Springi wameng'oa bapa, Fundi. Zimebaki chache tu. Ndiyo maana limelala. Ukipakia mchanga hapa, litakaa chini kama kuku anayeatamia." Wakacheka wote, hata Fundi.

Mzee mwenye gari hakucheka. Alikuwa amesimama pale na fimbo yake. "Kwani ninyi mnabeba nini, wanangu?" aliuliza. Lakini Daktari alikuwa amekwisha funga boneti kwa kishindo, Fundi anaaga kwa adabu, na swali la mzee likabaki uani peke yake. Mama Shikilia alilisikia. Aligeuka akamtazama mzee, kisha akaitazama ile pikapu iliyolala.

Jioni ile Fundi alimpelekea dalali arubuni ya pikapu nyeupe.

"Fedha hii hairudi, Fundi, nisikufiche," dalali alimwambia akiipokea. "Lakini nakupa gari ulijaribu kesho, siku nzima. Keshokutwa saa sita mchana umalizie, la sivyo nina mteja mwingine."

Asubuhi iliyofuata Fundi aliiegesha pikapu nyeupe mbele ya karakana, na nusu ya mtaa wakatoka kuitazama. Akaifunga fremu yake nyuma. Kwa kuwa alikuwa na hakika, akapakia vioo sita vya zahanati, vile vya kwanza alivyokwisha vikata. Kisha akaenda nyuma ya vioo vizito, akatoka na mto, akauweka kwenye kiti cha mbele na kufungua mlango.

"Panda, mama," alisema. "Kuanzia leo unakaa hapa."

Mama Shikilia aliutazama mto, akamtazama mumewe, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Alipanda, akakaa, akanyoosha miguu. Kwa dakika tano za kwanza alikuwa akitazama barabara ikimjia kwa mbele, kitu ambacho kwa miaka kumi na mmoja alikiona kikimkimbia kwa nyuma. Alifurahi kweli. Nasi tusimcheke Fundi kwa kuwa alikuwa anatabasamu peke yake kama bwana arusi.

Walipoimaliza lami na kuingia barabara ya changarawe, Fundi alipunguza mwendo. Hapakuwa na shimo la maana, ni vile vijituta vidogo tu vya barabara isiyochongwa siku nyingi. Nyuma yao pakalia sauti ambayo wote wawili waliijua kabla haijaisha.

Aliposimama na kwenda kutazama, kioo kimoja kilikuwa kimepasuka pembe hadi pembe.

"Ni mkanda," alisema Fundi. "Sikuukaza." Akaukaza, wakaendelea. Hawakufika mbali, kikalia cha pili. "Ni sponji. Nimeweka nyembamba." Akavua shati lake, akalikunja, akalisokomeza kati ya mbao na vioo. Wakaendelea kwa mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza. Kikalia cha tatu.

Fundi alizima injini. Vitatu, na hawakuwa wamefika hata nusu ya njia ya kwenda zahanati. Akaketi ukingoni mwa barabara bila shati, mikono kichwani. Mbele ya macho yake aliona arubuni isiyorudi, na yule msimamizi mrefu akimwita fundi mwingine, na mkewe akipanda nyuma ya gari la mchanga kwa mkono mmoja. Machozi yakamlengalenga.

Aliposikia mlango wa bodi ukifunguliwa, aliinuka. Mama Shikilia alikuwa amekwisha panda nyuma, ameketi mahali pake pa siku zote, mgongo kwenye kebini, na amekifungua kioo kimoja kutoka kwenye fremu na kukishika.

"Shuka, mama! Bega lako!"

"Bega ni langu. Endesha."

Aliendesha. Hata hatua mia mbili hazikutimia. Kiganja kikabisha juu ya paa, mara mbili. Fundi akasimama, akaenda nyuma.

"Fremu yako haina kosa," mkewe alimwambia. "Umeitengeneza vizuri sana. Gari ndilo linalopiga. Halibembei. Linapiga kutoka chini kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi. Hata ningevishika kwa mikono minne, vingevunjika."

"Lakini Daktari amesema springi zake..."

"Za kubeba tani. Sisi lini tumebeba tani, mume wangu? Unakumbuka lile gari la mchanga tulilokodi mara mbili? Mara ya kwanza lilikuwa na mchanga nusu, na hatukuvunja hata kimoja. Mara ya pili lilikuwa tupu, tukavunja vinne. Ukasema dereva amelewa."

"Alikuwa amelewa."

"Hakuwa amelewa. Lilikuwa tupu. Gari gumu lisilo na mzigo wa kulikandamiza linaruka. Na mzigo wetu sisi si mzito, ni mwoga." Akalisugua bega. "Gari bovu halijawahi kunivunjia kioo. Yaliyonivunjia yote ni magari yenye nguvu."

Fundi alisimama akimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Miaka kumi na mmoja mwanamke huyu alikuwa akisoma magari kwa mgongo wake, na yeye amekwenda kumuuliza kinyozi.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nilitaka kupanda, ukaniambia watu wanatutazama."

Fundi alikipokea kile kioo kutoka mikononi mwake. "Nilitaka ukae mbele," alisema tu.

"Najua," Mama Shikilia alijibu, na sauti yake ikalainika. "Nimekaa, ni pazuri. Ahsante kwa mto. Lakini kabla ya kunipandisha mbele, ungeniuliza nyuma kukoje. Sasa twende kwa yule mzee."

Walijikokota kama kobe hadi kwenye lami, vioo vitatu vikapona, wakamkuta mzee uani akimwagilia miche kwenye makopo. Mama Shikilia hakuuliza injini wala mwaka wa gari. "Shikamoo, baba. Tunaomba kulijaribu, lakini mimi nikae nyuma."

"Marahaba, binti yangu," mzee alijibu, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Panda. Funguo zimo."

Wakahamisha fremu na vioo vitatu vilivyobaki. Fundi akaiendesha pikapu ya kijani kwenye changarawe ileile, vijituta vilevile. Breki zililia kama zilivyosemwa, na usukani ulikuwa na ugonjwa wa kuvuta kushoto. Lakini masikio yake yote yalikuwa juu ya paa. Alipita mahali kioo cha kwanza kilipovunjika, hakusikia kitu. Alipita cha pili. Alipofika kwenye ukingo ule alioketi bila shati, pale pa cha tatu, alikaza meno akingoja, hata kiganja kimoja tu cha kumwambia apunguze. Hakikuja. Barabara ikaisha, zahanati ikaonekana kwa mbali, paa la kebini bado kimya.

Hofu ikamwingia. Labda ameanguka. Akafunga breki, akaruka chini, akakimbilia nyuma.

Mama Shikilia alikuwa ameketi mahali pake. Vioo vitatu vilisimama ndani ya fremu, vizima, na mikono yake miwili ilikuwa imetulia mapajani. Macho ameyafumba.

"Mama! Umelala?"

"Sijalala. Nilikuwa nasikiliza."

"Mbona hukubisha?"

Akafumbua macho. "Hapakuwa na la kusema," alimjibu.

Fundi Vioo, mtu mzima mwenye watoto watatu, akauegemeza uso wake kwenye ubao wa ile pikapu iliyopauka akalia waziwazi, na mkewe akamwekea mkono kichwani. Ulikuwa mkono wa kulia. Ule wa kushoto ulikuwa unapumzika.

Waliporudi, mzee alikuwa amewawekea viti. "Sasa mtaniambia mnabeba nini?"

"Vioo, baba," alisema Mama Shikilia.

Mzee alicheka hadi fimbo ikamdondoka. "Na mimi nimebeba mayai humo miaka kumi na minne! Zile bapa hazikung'oka kwa uzee. Nilizing'oa mimi, moja moja, hadi trei za juu zikaacha kupasuka. Wamekuja watu saba kulitazama gari hili. Wote wameniuliza linabeba kilo ngapi. Hakuna aliyeniuliza linabebaje."

Hawakubishana sana kuhusu bei. Arubuni ya pikapu nyeupe ilipotea kweli. Dalali alisikitika nao lakini neno lake lilikuwa neno, na ile fedha ndiyo iliyokuwa iwe ya breki. Fundi akamwendea Daktari, akamsimulia yote bila kumlaumu. Daktari aliweka bisibisi chini, akakuna kichwa, akaja mwenyewe karakanani kwa Mama Shikilia.

"Shemeji, mimi najua magari," alisema. "Vioo sivijui. Nilitazama kama mtu wa mchanga." Alasiri ile alilala chini ya pikapu ya kijani, akazitengeneza breki na usukani, akakataa ujira wa mikono yake. Alichodai ni bei ya vipuri tu, na kikombe cha chai.

Jumatatu asubuhi Fundi alipakia vioo ishirini. Mto ulikuwa kwenye kiti cha mbele, na aliyeukalia alikuwa mkewe. Katikati ya barabara ya changarawe palikuwa na shimo moja, na Fundi, kwa mazoea ya miaka, akatoa kichwa dirishani na kupaza sauti, "Shikilia!" Nyuma hapakuwa na mtu. Mama Shikilia alicheka hata machozi yakamtoka. Kisha akanyoosha mkono wake wa kushoto, akabisha mara moja kwenye paa la kebini, safari hii kwa ndani, na mumewe akapunguza mwendo.

Msimamizi alivihesabu vioo, akavihesabu tena, kisha akatazama ile pikapu ya rangi ya ukungu wa mkate. "Vyote vizima," alisema. "Nani aliyekuchagulia gari hili?"

Fundi Vioo hakuwataja makanika wala kinyozi wala shemeji. Alimwonyesha kwa kidole mwanamke aliyekuwa akishuka taratibu kutoka kiti cha mbele, huku ameukumbatia mto wake.

"Muulize huyo, mama," alisema. "Siri ya mtungi aijuaye ni kata."